AMRI IWE MOJA, MACHO YAWE MENGI: Marekani Ilivyoipanga Upya Idara Yake ya Ulinzi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)





Tumetakwa tuseme machache juu ya ulinzi wa dola. Huenda wako watakaouliza: watu wa mizani na vibaba wana nini na mambo ya majeshi? Jawabu letu ni jepesi. Askari hula, huvaa, hulala na hulipwa mshahara kwa fedha ya kodi, na kodi huanzia katika kilo ya sukari na kibiriti anachonunua maskini. Basi mlipaji ana haki ya kujua amelipia nini, na ni nani aliyekishika alicholipia.

Hatutasema leo juu ya mizinga. Tutasema juu ya jambo lisilo na mlio wala moshi, nalo ni mpango wa kazi: nani huamrisha, nani hushauri, na nani hutoa hesabu. Dola ikiyavuruga mambo haya matatu, silaha zake haziifai kitu. Ikiyatia yote matatu katika mkono mmoja, silaha zile zile huja zikawageukia waliozilipia.

Mfano wetu ni wa Marekani. Hatukuuchagua kwa kuisifu dola ile, maana watu wa visiwani wana yao ya kusema juu yake, nasi tutayasema. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, hiyo ndiyo dola yenye silaha kuliko zote, na mwenye nguvu akikosea, kosa lake huonekana hata kwa aliye mbali. Ya pili, makosa yake yameandikwa na watu wake wenyewe katika mabaraza yao, yakapigwa chapa, na kila atakaye huyasoma.

WAKUBWA WAWILI, BANDARI MOJA

Kwa karibu miaka 150 Marekani ilikuwa na idara mbili za silaha. Moja ni Idara ya Vita, iliyoundwa mwaka 1789, yenye askari wa nchi kavu. Ya pili ni Idara ya Bahari, iliyoundwa mwaka 1798, yenye manowari. Kila moja ilikuwa na Waziri wake, fedha yake na marafiki zake katika Baraza la Congress. Aliyekuwa juu yao wote wawili ni Raisi peke yake, na Raisi ana mengi ya kutazama.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa. Pale kisiwani palikuwa na wakubwa wawili: Jenerali Walter Short wa nchi kavu, ambaye kazi yake ilikuwa kuilinda bandari, na Admirali Husband Kimmel, mwenye manowari zilizotia nanga ndani yake. Hapana hata mmoja aliyekuwa na amri juu ya mwenziwe. Walitakiwa wasaidiane kwa hisani. Wote wawili walipata onyo kutoka Washington siku kumi kabla. Short alilifahamu onyo lile kuwa ni khatari ya wahujumu wa ndani, akazikusanya ndege zake pamoja ili zilindwe kwa urahisi, nazo zikawa shabaha nyepesi. Kimmel naye aliamini kuwa mwenziwe yu macho kwa kila jambo.

Wazee wetu wamesema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini hapa palikuwa na baya zaidi ya manahodha wengi: kila nahodha alidhani usukani umo mkononi mwa mwenziwe.

SHERIA YA MWAKA 1947

Vita vilipokwisha, Raisi Harry Truman alipeleka waraka Congress tarehe 19 Desemba 1945, akataka idara zile ziunganishwe ziwe moja, chini ya Waziri mmoja. Watu wa nchi kavu walikubali. Watu wa bahari walikataa kwa nguvu zao zote, kwani waliogopa kunyang'anywa ndege zao na askari wao wa Marine. Mzozo ule ulidumu zaidi ya mwaka na nusu, wala haukuwa wa siri. Wakubwa walikwenda mbele ya kamati za Congress, wakaulizwa, wakajibu.

Tarehe 26 Julai 1947 Truman alitia sahihi Sheria ya Usalama wa Taifa. Sheria hiyo ilifanya mengi kwa mkupuo mmoja: iliyapa majeshi ya anga idara yao mbali, iliunda Baraza la Usalama wa Taifa, iliunda shirika la ujasusi la CIA, na iliweka Waziri wa Ulinzi juu ya idara tatu. Lakini Waziri huyo alipewa kiti asipewe funguo. Mawaziri watatu walio chini yake walibaki na idara zao kamili na njia zao za kumfikia Raisi, naye akaruhusiwa wasaidizi maalum watatu tu. Jumla yao waliiita Taasisi ya Kijeshi ya Taifa, na herufi za kifupi chake, zikisomwa kwa haraka kwa Kiingereza, hutoka kama neno la kwao lenye maana ya "adui". Watu walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na maana yake.

Waziri wa kwanza alikuwa James Forrestal. Kabla yake alikuwa Waziri wa Bahari, na ndiye aliyepigania sana kwamba Waziri wa Ulinzi asiwe na nguvu nyingi. Alipokalia kiti kile, nguo aliyoikata mwenyewe ikambana. Katika mwaka 1948 alikuwa ndiye anayeomba sheria irekebishwe ili Waziri apate madaraka. Tunamtaja kwa heshima, kwani aliona ukweli akausema, ingawa ulikwenda kinyume na maneno yake ya zamani. Aliacha kazi mwezi wa Machi 1949, na mwezi wa Mei akafariki dunia.

MAADMIRALI WANENA

Aliyemfuata alikuwa Louis Johnson. Tarehe 23 Aprili 1949 aliamuru isimamishwe kazi ya kuunda manowari kubwa ya kuchukulia ndege iliyopewa jina la United States, siku tano tu baada ya kuanza kujengwa. Waziri wa Bahari, John Sullivan, alijiuzulu kwa hasira. Tarehe 10 Agosti 1949 sheria ikarekebishwa: jina likawa Idara ya Ulinzi, idara tatu zikawa chini ya Waziri kwa hakika, mawaziri wake wakapoteza viti katika baraza la Raisi, na Wakuu wa Majeshi wakapewa Mwenyekiti, Jenerali Omar Bradley, ambaye hata hivyo hakupewa kura.

Mwezi wa Oktoba maadmirali walikwenda mbele ya kamati ya Congress wakayapinga mambo ya wakubwa wao hadharani. Mkuu wao, Admirali Louis Denfeld, aliondolewa cheo kwa kusema kwake. Kamati ile, katika ripoti yake ya mwaka 1950, ililaumu kuondolewa kule, ikasema kuwa ofisa aliyeitwa na wawakilishi wa watu kutoa ushahidi hapaswi kuadhibiwa kwa ushahidi wake.

Hapa, ndugu zetu, ndipo penye kiini cha maneno yetu. Waziri alikuwa na haki ya kuamua juu ya manowari ile. Amri haina budi iwe moja. Lakini kuamua ni kazi ya mmoja, na kusema ni haki ya wengi. Mwenye kuunganisha amri hajapewa ruhusa ya kushona midomo.

Jambo hilo lilirudi mwaka 1958. Raisi Dwight Eisenhower, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali mkubwa wa vita, aliona kuwa vita vya nchi kavu peke yake, bahari peke yake na anga peke yake vimekwisha zama zake. Kwa sheria ya tarehe 6 Agosti 1958, amri ya vita ilitoka kwa Raisi, ikapita kwa Waziri wa Ulinzi, ikaenda kwa makamanda wa kamandi za pamoja. Idara tatu zikabakiwa na kazi ya kuandikisha, kufundisha na kutia vifaa. Lakini Eisenhower alitaka pia kifutwe kifungu kilichowaruhusu wakuu wa majeshi kupeleka mashauri yao Congress moja kwa moja. Alikiita uasi uliohalalishwa na sheria. Congress ilimpa amri moja aliyoitaka, ikakataa kuufunga mlango ule. Tunadhani ilifanya sawa kwa yote mawili.

SHERIA ILISEMA, MAZOEA HAYAKUSIKIA

Mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini Wakuu wa Majeshi walipokaa kutoa shauri, kila mmoja alitetea jeshi lake, na shauri lililotoka lilikuwa limetiwa maji mpaka limepotea ladha. Na ofisa aliyetumika ofisi za pamoja alijua kuwa kupanda kwake cheo kuko mikononi mwa jeshi lake, basi aliwatumikia watakaompandisha.

Malipo yake yalikuja kwa damu. Mwezi wa Aprili 1980 Marekani ilijaribu kuwaokoa watu wake waliozuiliwa Tehran. Helikopta zilikuwa za jeshi la bahari, warushaji wake wengi walikuwa Marine, ndege kubwa zilikuwa za jeshi la anga, na askari wa kuingia mjini walikuwa wa nchi kavu. Watu hawa hawakupata hata mara moja kufanya mazoezi ya shauri zima pamoja. Helikopta nane ziliondoka; sita zilifika jangwani, na tano tu ndizo zilizofaa kuendelea. Safari ilivunjwa, na katika kuondoka helikopta moja iligongana na ndege. Watu wanane walikufa, na aliyekwenda kuokolewa hakuokolewa.

Tarehe 23 Oktoba 1983, mjini Beirut, gari lililojaa baruti liliingia katika kambi ya Marekani likaua askari 241. Tume iliyochunguza iliona kuwa amri juu ya kambi ile ilipita mikononi mwa wakubwa wengi, mmoja juu ya mwengine, na wakubwa wale hawakuusimamia ulinzi wake ipasavyo. Kila mmoja alikuwa juu yake, na hapana aliyekuwa nayo.

Siku mbili baadaye Marekani iliivamia Grenada. Hiki ni kisiwa kidogo kuliko Pemba, chenye watu wapatao laki moja. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaumu uvamizi ule kwa kura 108 dhidi ya 9, na sisi watu wa visiwani hatuwezi kuutaja bila ya kuutaja uonevu wake. Lakini hata huyo mwonevu hakuwa na mpango. Redio za jeshi moja hazikusikilizana na redio za jeshi jengine. Wako walioshuka na ramani za watalii. Wanafunzi wa Kimarekani waliosemwa kuwa ndio sababu ya kwenda walikuwa mahali zaidi ya pamoja, na waliokwenda kuwachukua hawakujua.

CHAMA KIMOJA HAKIKUTOSHA

Mwaka 1982 Jenerali David Jones, aliyekuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, alikwenda mbele ya Congress akasema kuwa mpango ule ambao yeye mwenyewe alikuwa kichwa chake haufai. Ikachukua zaidi ya miaka minne. Waziri wa Ulinzi wa wakati ule, Caspar Weinberger, hakuyataka mabadiliko. Walioyasukuma walikuwa watu wa vyama viwili vinavyoshindana: Seneta Barry Goldwater wa chama cha Republican, Seneta Sam Nunn wa chama cha Democratic, na katika baraza la pili Bill Nichols, Democratic, mkongwe wa vita aliyepoteza mguu katika vita vya Ulaya. Goldwater alikuwa wa chama cha Raisi, naye hakuona kuwa uaminifu wa chama ni kunyamazia kosa la serikali ya chama chake. Seneti iliipitisha sheria kwa kura 95 bila ya hata moja ya kupinga, na Raisi Ronald Reagan akaitia sahihi tarehe 1 Oktoba 1986.

Sheria ile ilimfanya Mwenyekiti kuwa mshauri mkuu wa Raisi na wa Waziri, ili shauri lisitoke limetiwa maji. Makamanda wa vita walipewa amri kamili juu ya kila askari aliye chini yao, wa jeshi lolote. Ofisa hakuweza tena kuutaka ujenerali bila ya kutumika kwanza katika kazi ya pamoja. Lakini angalieni hekima iliyomo ndani yake: Mwenyekiti anapopeleka shauri lake, na mmoja wa wakuu wenziwe akawa na rai nyengine, sheria humlazimisha aipeleke na rai ile. Sauti ni moja, na anayepinga hakutupwa nje.

Na tangu mwaka 1947 sheria yao imemtaka Waziri wa Ulinzi awe raia, si ofisa aliyevua magwanda jana. Kwanza alitakiwa awe nje ya jeshi miaka kumi, na mwaka 2008 ikafanywa miaka saba. Mara tatu ruhusa ya pekee ilitolewa, kwa George Marshall mwaka 1950, James Mattis mwaka 2017 na Lloyd Austin mwaka 2021, na kila mara haikutosha kauli ya Raisi. Ilibidi Congress ipitishe sheria. Hata jina ni hivyo. Mwezi wa Septemba 2025 Raisi Donald Trump alitoa amri kuwa idara ile ijiite pia Idara ya Vita, kama zamani, lakini kwa jina la pili tu, kwa sababu jina lililowekwa na sheria haliondolewi ila kwa sheria.

DAFTARI

Basi amri waliipata, kwa taabu ya miaka 39. Shauri walilihifadhi. Lililowashinda ni la tatu, nalo ndilo letu sisi wa dukani: hesabu.

Idara ile ilifanyiwa ukaguzi kamili wa hesabu zake kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Haikupata hati safi. Tangu mwaka ule mpaka 2024 ilikaguliwa mara saba mfululizo, na mara zote saba haikupata. Hatusemi kuwa fedha yote iliibiwa. Wakaguzi hawakusema hivyo. Walisema kuwa idara haiwezi kuonyesha kwa ukamilifu ina mali gani, iko wapi, na imegharimu nini. Mwenye duka hapa mjini akimjibu hivyo anayemdai, hakopeshwi tena hata gunia la unga. Mali bila daftari hupotea bila khabari, na wingi wa mali haumwokoi mtu katika kanuni hii, humzidishia.

Ila na hili tuliseme kwa insafu: ukaguzi ule ulitangazwa. Raia aliyeambiwa wazi kuwa daftari halikukamilika ana pa kuanzia kuuliza. Raia aliyeambiwa kuwa daftari ni siri ya dola hana.

NA SISI JE?

Ndugu wanachama, mambo haya si ya mbali. Mpaka mwaka 2007 makamanda wa Marekani walikuwa wameigawa Afrika kama shamba la mirathi: Tanzania iliwekwa chini ya kamanda wa Ulaya, Kenya na Somalia chini ya yule wa Mashariki ya Kati, na Madagascar, Comoro na Mauritius chini ya yule wa Pasifiki. Tarehe 1 Oktoba 2007 iliundwa kamandi ya Afrika, na makao yake yakawekwa Stuttgart, Ujerumani. Mstari uliochorwa mezani kwao hupita juu ya mapaa yetu. Na watu wa visiwa vya Chagos, katika bahari hii hii yetu, waliondoshwa makwao baina ya 1968 na 1973 kwa ajili ya kituo cha Diego Garcia. Hawakuulizwa. Hili ndilo tunaloogopa: mpango wa ulinzi unaopangwa mahali ambapo anayeguswa hana mtu wa kumsemea.

Kwetu nako kulipangwa upya. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na tarehe 25 serikali ililazimika kusaidiwa na askari wa Uingereza. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Katika Mapatano ya Muungano ya mwezi wa Aprili 1964, ulinzi uliandikwa kuwa jambo la Muungano, na ndivyo ulivyo. Maana yake ni kwamba mtu wa Unguja au Pemba hana Waziri wa Ulinzi hapa visiwani wa kumwendea. Mlango wake ni mjumbe aliyempeleka Bunge la Muungano. Mjumbe yule akinyamaza, mlango umefungwa, na wa kulaumiwa kwanza ni sisi tusiombisha hodi.

Hatusemi haya kwa kumdharau askari. Askari ni mwanetu. Mpango mbaya humwua yeye kabla ya kumwua mwengine, kama walivyokufa wale wanane jangwani. Anayeuliza juu ya mpango wa jeshi anamtakia askari uhai.

Basi tunakuombeni jambo moja. Kila serikali itakapotangaza kuwa inaipanga upya idara ya ulinzi, iwe ya wapi na iwe ya chama gani, msishangilie jina jipya wala msiogope magwanda. Mtafuteni mjumbe wenu, mmwulize matatu. Amri ni ya nani, na je, ni mmoja? Anayepinga atasemea wapi bila ya kuadhibiwa? Na daftari atalikagua nani, na sisi tutaliona lini? Akikujibuni la kwanza tu akaacha mawili, jueni mmepewa jeshi lenye nguvu lisilo na mwenyewe.

Na tuanze nyumbani. Chama kinachodai daftari la serikali kiwe na daftari lake, lisomwe tawini mbele ya wanachama. Kiwe na kiongozi mmoja wa kuamua, na rai ya aliyepinga iandikwe katika kumbukumbu za mkutano, isifutwe. Tukishindwa kuyafanya haya katika sanduku la shilingi zetu chache, hatutakuwa na uso wa kuyataka katika hazina ya dola.